Kiti Kimoja cha Mtihani

Waya wenyewe hauzidi urefu wa mkono wangu. Umepigiliwa misumari miwili ukutani, juu ya runinga, katika sebule ya marehemu Mwalimu Jilo kule Idsowe, na siku ya matanga kila aliyeingia kutoa pole aliutazama, akatazama picha ya arusi iliyo kando yake, kisha akautazama tena. Shemeji mmoja wa marehemu aliuliza kama ni hirizi. Mama Habona, mjane wake, akamwambia bila kuinua kichwa, "Muulize Dhahabo. Ni wake huo." Watu wote wakanigeukia mimi, mwanamke mzima wa Kiorma, miwani puani, nimeketi mkekani katikati ya akina mama wa kanisa, na kutoka upande wa mlangoni nikasikia cheko ninalolijua tangu usichana. Alikuwa Kassim wa Kipini, mwenzangu wa darasani, ambaye sasa ana tumbo na ndevu za mvi na duka la simu pale Tarasaa. "Waeleze, bibi mkubwa," akasema. "Waeleze vile ulivyotaka kukamua waya." Nilikuwa nimejikaza tangu alfajiri nilipopata habari, nimeendesha gari kutoka Mombasa macho makavu, na kicheko hicho ndicho kilichonivunja. Nililia pale pale mkekani mpaka mama mmoja akaniletea maji.

Mimi si mtu wa kulia ovyo. Kazini wananiita chuma, wanadhani sijui. Nasimamia mitandao ya hospitali kadhaa huku pwani, na vijana ninaofanya nao kazi huniuliza swali lile lile kila wanapoajiriwa wapya: Madam, hivi vyeti vya kompyuta vina faida kweli, au ni kupoteza wakati? Huwajibu kwa maneno mawili matatu kwa sababu simu inaita na mashine fulani imezima mahali. Jibu lenyewe ni refu. Jibu lenyewe ni ule mwaka mmoja niliosoma Garsen, katika chumba kilichokuwa cha kusagia mahindi, na sijawahi kumpa mtu yeyote lote.

Chumba kile mashine ya posho ilikuwa imeondolewa lakini unga haukuondoka. Ulikuwa kwenye nyufa za ukuta, kwenye fremu ya dirisha, na siku za mvua ulitoa harufu kama ya uji unaoanza kuchacha. Kompyuta zilikuwa zimepangwa juu ya meza za shule zilizokatwa miguu, kila moja imefunikwa kwa kanga, na kabla ya kuiwasha ulikuwa ukiipiga kofi dogo ubavuni ili mijusi itoke kwanza. Juu ya bati kulikuwa na dishi la kunasa mtandao. Mradi mmoja wa wafadhili ndio uliotuletea vitu hivi vyote, ukamwachia Mwalimu Jilo, mwalimu wa hesabu aliyejifundisha kompyuta mwenyewe kwa kuifungua na kuifunga. Joto la Garsen unalijua au hulijui, lakini mtu huyu alivaa shati la mikono mirefu na kufunga kifungo cha shingoni kila siku ya Mungu. Mimi nilikuwa nauza maziwa ya mamangu sokoni asubuhi, halafu naingia darasani na kibuyu kitupu, nakiweka nyuma ya mlango. Mwaka ule kibuyu kilikuwa kinazidi kuwa chepesi kila wiki, maana malisho yalikuwa yamekauka na ng'ombe wetu wamebaki wachache. Kila mtu nyumbani alijua lazima mmoja wetu apate kitu kingine cha kuishi nacho. Hawakusema ni nani. Walikuwa wananitazama tu ninapotoka.

Siku iliyonishika mpaka leo ni ile Mwalimu aliyonifundisha kubisha hodi. Aliandika neno fupi la Kiingereza na tarakimu kadhaa baada yake, akaniambia nibonyeze mwenyewe. Mistari ikaanza kushuka mmoja mmoja, ikitulia kidogo kila mara. "Hiyo ni hodi," akasema, "na hiyo ni karibu. Hodi, karibu. Hodi, karibu." Nikamuuliza anayeitikia yuko wapi. Akasema ni kompyuta iliyoko ng'ambo, mbali sana, huko sasa ni usiku. "Na ananijua?" Mwalimu akacheka kwa upole. "Hakujui, mwanangu. Hajui hata kuna Garsen. Umebisha inavyotakiwa, basi ameitikia." Lo! Nilitoa mkono kwenye kibodi. Nilizaliwa mahali ambapo huwezi kuitikiwa hodi kabla hujasema wewe ni nani, baba yako nani, na jamaa zako wanachunga wapi. Nikabisha tena, nikaitikiwa tena, na sikutaka kwenda nyumbani siku ile.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Akitaka tuelewe jinsi mtandao mmoja unavyotokea kwenye mwingine, alichora mto ubaoni, akachora mashamba ya Wapokomo kando yake na ng'ombe wetu nyuma, kisha akafuta kipande katikati ya mashamba. "Hii ni nini?" akaniuliza. Ilikuwa malka, ile njia inayoachwa wazi ili mifugo ipite hadi majini. Mwaka ule watu wazima walikuwa wanalitaja neno hilo kwa sauti ya chini, maana kulikuwa na ugomvi wa nani kaziba ipi na nani kalisha shamba la nani. Na huyu Mpokomo mwenye shamba ananiuliza mimi mtoto wa wafugaji mbele ya wote. "Malka," nikasema. "Basi kila mtandao una malka yake," akasema, "na kompyuta isiyojua malka iko wapi itakufa kiu na mto inausikia." Akaandika anwani ya lango pale alipofuta, akaendelea na somo.

Mchana tulikula kwake, nyumba ya kupanga nyuma ya soko, yeye, Mama Habona, Kassim na mimi. Kassim alikuwa mtoto wa wavuvi na mikono yake ilikuwa myepesi ajabu, alibana waya huku anaimba. Mama Habona alipika samaki karibu kila siku, kambare wa kupaka nazi na ndizi za kuchemsha, na kwetu samaki hakuwa chakula. Kila siku Kassim alinisogezea kichwa cha kambare, "Onja tu, mwana, hakung'ati," na kila siku Mama Habona akamfukuza kwa mwiko, akanikaangia yai. Na kila siku, mazungumzo yakaenda kule kule: cheti. Kulikuwa na mtihani wa kimataifa wa mitandao uliofanywa Mombasa, mbele ya kompyuta, maswali yakiwa ni yale yale kwa watu wa dunia nzima. Mwalimu aliutaja kwa sauti ambayo mamangu aliitumia kwa Makka. Alikuwa na kitabu chake, kinene, kisicho na jalada, amekisoma mpaka kurasa zimelainika. Miaka miwili kabla ya hapo, nafasi ya kusimamia mitandao ilikuwa imetokea katika ofisi moja ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeifungia nyaya, bure. Akaomba. Wakamuuliza cheti. Hakuwa nacho, wakamshukuru, wakamchukua mtu mwingine aliyekuja kumuuliza yeye waya gani unakwenda wapi. "Karatasi haibani waya," Kassim alisema mdomo umejaa. "Mkono ndio ubanao." "Sawa," Mwalimu akamjibu. "Lakini mlangoni hawakuuliza mkono."

Kisha ule mradi ukatuma habari: umelipia kiti kimoja cha mtihani ule, kwa mtu mmoja wa chumba chetu, na jina lipelekwe kabla ya mvua. Wiki hiyo hiyo kituo cha afya kikasema kitaajiri mtu wa kuangalia mtandao wake mpya, na lazima awe na cheti hicho. Kiti kimoja, kazi moja. Mji mzima ulijua kiti ni cha nani. Watu walimpongeza Mwalimu sokoni, muuza nyama akamwongezea kipande. Nami nilikitaka. Nasema wazi, nilikitaka, na nilikuwa naona haya hata kumtazama Mwalimu usoni asije akaona. Unatamanije mtu aliyekufungulia macho akose kitu alichokingoja umri wote? Nilikuwa nakamua asubuhi, nasikia maziwa yanavyogonga kitako cha kibuyu kikavu, na nawaza kiti.

Kituo cha afya kilitupa sisi kazi ya kufunga nyaya. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa waya mmoja mrefu, kutoka chumba cha rekodi, juu ya dari ya wodi ya wazazi, hadi maabara kule mwisho wa uwanja. Ukifanya kazi, majibu ya damu yatafika kwa daktari papo hapo, na wanawake wajawazito hawatatembezwa tena juani na vikaratasi mkononi. Mwalimu akanipa mimi kubana vichwa vya waya huo, vile vya plastiki vinavyochomekwa kwenye mashine. Ndani ya waya wa mtandao mna nyuzi nane: nne zenye rangi kamili, ya machungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia, na nne nyeupe zenye mstari wa moja ya rangi hizo. Kila mweupe amesokotwa na mwenye rangi yake toka mwanzo hadi mwisho. Mtu mwingine angeona nyuzi. Mimi tangu utotoni kazi yangu ilikuwa kuwashika ndama wakati wa kukamua, kumleta kila mmoja kwa mamake kwa jina, na niliona ng'ombe wanne na ndama wao weupe. Sasa, ubaoni Mwalimu alikuwa ameandika mpangilio ambamo ndama wa kijani anasimama huku, mama wa kijani kule, na katikati yao buluu na ndama wake. Nilipouona mara ya kwanza nilishtuka. Nikajua chaki imemteleza. Na kwa kuwa kwetu hatumkosoi mkubwa hadharani, nilinyamaza, nikawa nabana waya zangu sawasawa, kila ndama kando ya mamake, na sikumwambia mtu. Waya fupi zote nilizobana darasani mwaka ule nilizibana hivyo, na zilikuwa zinafanya kazi.

Tulipomaliza, Kassim alileta testa, kile kidude chenye taa kinachopima waya. Taa zikawaka zote, moja baada ya nyingine, pande zote mbili, na muuguzi mkuu akatupigia makofi. Kisha maabara ikatuma majibu ya kwanza. Jina la mgonjwa likafika, tukangoja majibu yenyewe mpaka chai ikapoa. Tukatuma tena, ikakatika katikati. Tukabadilisha kompyuta, tukazima, tukawasha, Kassim akapanda darini akashuka amejaa kinyesi cha popo. Testa inasema waya mzima, kompyuta zinasema waya mgonjwa. Wanawake wakaendelea kupita juani na vikaratasi vyao, mmoja akiwa ameshika kiuno, akatuangalia, na nilitamani ardhi ipasuke. Mwishowe Mwalimu akachukua koleo, akakata kichwa cha waya pamoja na kipande cha urefu wa mkono mmoja, hicho kilichoko ukutani sasa, akavaa miwani na kukisogeza dirishani.

"Nani amebana huu?"

"Mimi, Mwalimu."

"Ubaoni niliandika hivi?"

Nikatazama miguu yangu. "Hapana. Ubaoni ulikuwa umemtenga ndama wa kijani na mamake. Nikadhani chaki imekuteleza."

Kassim aliyekuwa juu ya ngazi alicheka mpaka muuguzi akaenda kuishika ngazi. Mwalimu hakucheka. Alikuwa ananiangalia kwa mshangao, mdomo wazi kidogo. "Ndama gani?" Nikamweleza yote, nikijua nimejiharibia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa mwalimu yeyote. "Mimi huo mpangilio naujua kwa macho tu. Sijawahi kujiuliza kwa nini wamewatenga." Akatoa kitabu chake mkobani, tukaketi kwenye benchi la wagonjwa, tukatafuta.

Ndipo nilipoona ajabu ya maisha yangu. Kitabu kilisema nyuzi mbili zinazosokotana ndizo zinazobeba ujumbe mmoja, na ule msokoto ndio unaozuia kelele za majirani zisiingie. Yaani watu wa mbali, wasiowahi kumwona ng'ombe wa Tana, walijua kwamba mama na ndama wasiachane njiani! Lakini mlangoni, kwenye kichwa cha waya, nafasi mbili za katikati ziliachiwa simu za zamani zilizotangulia kuwepo, na mashine inachukua uzi wa tatu na wa sita kuwa jozi. Nikahesabu kwa kidole kwenye kile kipande. Wa tatu ni ndama wa kijani. Wa sita ni mama wa buluu. "Mwalimu!" nikapiga ukelele, wagonjwa wakageuka. "Tumempelekea mama wa buluu ndama wa mwenzake!" "Na kuna ubaya gani?" akauliza, mkulima wa watu. "Hatashusha maziwa! Atakupa matone mawili akunyamazishe, halafu atabana. Ukimkamua kidogo tu hutajua. Ukitaka kibuyu kizima ndipo utajua." Mwalimu akavua miwani. Waya mfupi ulikuwa unanipa matone, na mrefu ulikuwa umebana. Akafuta miwani kwa shati, akaivaa tena, akanisomea ule ukurasa kutoka juu hadi chini kwa sauti, kama anayeusikia kwa mara ya kwanza. Tukabana upya siku hiyo hiyo, na majibu ya mgonjwa wa kwanza yakafika kabla muuguzi hajakaa vizuri kwenye kiti.

Siku chache baadaye nilikwenda kwa Mama Habona kurudisha sufuria, wakati watu wamepumzika mchana, na nikiwa uani nikasikia sauti yake kupitia dirishani, kali, si ya kawaida yake. "Hiyo nafasi ni yako, Baba Habona. Watu wameshakupongeza. Nimekuona unavyosoma hicho kitabu tangu mtoto wetu hajaota meno." Mwalimu akasema kwa sauti ndogo, "Najua." "Basi?" "Basi mimi nimebakiza kustaafu. Mlango ukifunguka leo nitaingia nikae dakika mbili. Yule ataingia akae. Na halafu, mama, mimi nimepatia miaka yote hii bila kujua kwa nini. Yule kakosea, na akajua kwa nini kabla yangu, na kitabu ni changu." Nikamsikia Mama Habona anapenga kamasi. Niliweka sufuria chini polepole, nikatoka kwa mlango wa uani, nikatembea hadi sokoni na kurudi, sijui nilipita wapi. Kesho yake Mwalimu aliniita mbele ya wote, akaniambia jina lililopelekwa ni langu. Nikafungua mdomo kukataa. "Usinikosoe hadharani," akasema, na akanikonyeza.

Alinipa kitabu. Nilikisoma mpaka nikaota Kiingereza. Huko Mombasa, chumba cha mtihani kilikuwa na baridi ya mashine, nikajifunika mtandio mpaka shingoni. Dada wa pale alitazama kitambulisho, akatazama uso, akanionyesha kiti. Basi. Mwaka ule kila ofisi niliyokanyaga waliniuliza kwanza mimi ni wa nani, wa mtoni au wa nyika, na jibu likaamua kama nitaketi au nitasimama. Pale hapakuwa na wa kuuliza. Maswali yalikuwa yakitokea kwenye kioo, yale yale wanayoulizwa watoto wa miji ambayo siwezi kutamka majina yake, na mashine haikutaka kujua lolote ila kama najua. Nilipobonyeza la mwisho, kioo kikatulia, kisha kikaandika kwamba nimepita. Nilitoka nje juani, nikampigia Mwalimu. Nilisikia tu anaondoa simu sikioni na kumwambia mkewe, "Mtoto amepita," halafu nikasikia kigelegele cha Mama Habona, na simu ikaanguka. Niliporudi alikuwa amepika kambare, na yai langu kando. Nikasukuma yai, nikala kambare, Kassim akasimama juu ya kiti kutangaza. Nilipomwambia mamangu kwamba nimekula samaki, aliguna, akasema basi hicho cheti na kiwe cha maana sana.

Kilikuwa cha maana. Kituo cha afya kilinichukua, na kutoka hapo hospitali kubwa, na kutoka hapo nyingine. Sidanganyi vijana: cheti hakijawahi kunibania waya hata mmoja, na nimewaona wenye vyeti vya kujaza ukuta wasiojua kushika koleo. Kassim hana karatasi na duka lake lina foleni. Lakini mwaka jana alinipigia kwa sauti ya upole nisiyoijua kwake, kumbe bintiye anataka kufanya ule mtihani, nami nimsaidie. Sikumcheka, ingawa alistahili. Mimi changu kiliisha muda zamani, maana vyeti hivi huisha kila baada ya miaka mitatu usipoketi tena. Nilikiacha kife. Hakukuwa na mtu wa kuniuliza tena. Mimi ndiye niliyekuwa nawauliza wengine.

Jioni ya matanga watu walipopungua, Mama Habona alinishika mkono, akanipeleka chumba cha nyuma. Palikuwa na meza ndogo dirishani, kompyuta, na kitabu cha mitandao, si kile cha zamani, kipya, miwani ya marehemu imewekwa katikati ya kurasa. Nikamuuliza alikuwa anamfundisha nani.

"Hakuna. Alikuwa anajisomea. Chake kinaisha mwezi ujao."

"Chake kipi, mama?"

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza jina la marehemu. "Cheti. Alikwenda alipostaafu. Mara ya kwanza akaanguka, akarudi hapa akalala na viatu. Mara ya pili akapita. Kila kikiisha alikuwa anakwenda tena." Nikaketi kitandani. Nikamuuliza mbona hakuniambia, sisi tuliosemezana kwa simu kila sikukuu. "Alisema ukijua utamsaidia. Alitaka aingie kile chumba vile ulivyoingia wewe, bila mtu." Na kazi gani ilikuwa inamtaka cheti katika umri ule? "Kazi gani tena! Alikuwa anawafungia watoto wa shule ya msingi waya zao, nani atamuuliza karatasi? Nilimwambia, mzee, pumzika. Akasema anataka kujua kama bado anaitikiwa."

Nje nilimsikia Kassim akipanga viti. Mama Habona alikunja mtandio wake, akaukunjua. "Kiti chake kimeshalipiwa," akasema. "Kile cha mwezi ujao. Kichukue, mwanangu. Kama kile cha kwanza."

"Hakichukuliki, mama. Safari hii kina jina lake."

Akatikisa kichwa polepole, akakaa kando yangu. Nikatoa simu, nikapiga Mombasa, kwenye kile chumba cha mtihani ambako sasa mimi ndiye ninayewapeleka vijana wangu. Kijana aliyepokea aliitambua sauti yangu, akauliza Madam anamleta nani mara hii. Nikamwambia nataka kiti siku ile ile aliyoandikishwa mzee anayeitwa Jilo, saa ile ile, kando yake. "Jina la mtahiniwa?" Nikataja langu. "Wewe mwenyewe, Madam?" "Mimi mwenyewe. Na hicho cha Mzee Jilo msimpe mtu. Kiacheni wazi."

Mama Habona aliniuliza kama nitakula, kuna kambare. Nikamwambia nitakula. Alipotoka nikavuta kiti cha Mwalimu, nikaisogeza miwani yake taratibu, nikaanza kusoma pale alipokuwa amefika.